Starlet ya zamani, difu za Suzuki na mlima wa Mtambwe

Kila anaeiona hii Starlet yangu, niliyoigeuza kwa vyombo vya Suzuki ikawa fo wili, yani magurudumu yote manne yanavuta, ikipita Wete huku Pemba swali lake la mwanzo ni hilo hilo, yakhe kwa nini usinunue Jimny tu, ile jipu ndogo ya Suzuki, ukapumzika? Na mimi sina jibu la kumridhisha kwa sababu kwenye pesa yeye ndo mwenye haki. Ukijumlisha Suzuki kuukuu niliyoinunua kwa ajili ya kuichinja, chuma cha boksi, diski za grinda, vijiti vya kuchomelea, nauli ya meli, na chai na mikate ya mafundi, hapo ushapata gari ya fo wili iliyotoka kiwandani ikiwa fo wili, ina kadi yake na haina maneno. Lakini hii ni KP61, ile ya boksi boksi, Starlet ya mwisho Toyota kuitengeneza ikisukumwa na magurudumu ya nyuma. Zilitoka kuanzia 1978 mpaka 1984, zilizofuata zote zikawa zinavutwa na mbele. Na ndo gari iliyowapeleka nusu ya ukoo wetu hospitali, harusini na skuli, kwa hiyo kutaja kuiuza nyumbani ni kutafuta ugomvi na bibi, na kuiacha vile vile ilivyo nako hakuna maana kwa sababu shamba la mikarafuu liko Mtambwe, juu, na njia yake ikinyeshewa Starlet haifiki.

Asieijua Pemba hufikiri kisiwa chote ni mchanga mweupe na minazi. Upande wa magharibi ni vilima tu, hiki kinashukia bonde la mpunga na kile kinaanza kupanda, udongo mwekundu ambao kiangazi jembe linaruka na mvua ikishuka unageuka sabuni. Na karafuu hazina subira. Zikishachumwa zinatakiwa zishuke siku ile ile, usiku watu wakae wachambue makonyo, asubuhi zianikwe kwenye majamvi, maana zikilala ndani ya gunia zinapata joto na rangi inaharibika, na karafuu iliyoharibika rangi ukifika kituoni bei yake unaambiwa bila ya kuuliza. Sasa msimu ukigongana na mvua za vuli, na aghlabu hugongana, ndo unaona watu wanashusha magunia kichwani mpaka barabarani, au wanakodi gari la ng'ombe, na ng'ombe nae ana akili zake, akiona utelezi umezidi anasimama na humwambii kitu.

Starlet kwenye mlima ule ilikuwa na tabia moja. Inaingia vizuri, inapanda mpaka pale njia inapokatwa na mizizi ya mkarafuu mmoja mkubwa, hapo tairi moja ya nyuma inapoteza mshiko na difu ya kawaida, yale meno ya katikati ya ekseli yanayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, inafanya kile inachofanya siku zote, nguvu yote inakimbilia gurudumu lenye kazi nyepesi, yani lile linalozunguka bure, na lile jengine lenye mshiko limekaa tu linatazama. Gari tupu haifiki kilo 800 na uzito mwingi upo mbele kwenye injini, nyuma hakuna cha kuikandamiza tairi chini. Ukitia magunia mawili nyuma inapanda afadhali, lakini magunia yako juu, unapanda kuyafata, kwa hiyo dawa iko upande wa pili wa ugonjwa.

Mjomba wangu mmoja, ambae ujana wake ulipita Mombasa, hakubaliani kabisa na habari za fo wili. Hoja yake ni Safari Rali. Atakuhesabia kwa vidole, Peugeot 504 ilishinda 1975 na Peugeot ikarudi tena 1978, Shekhar Mehta kachukua na Datsun mfululizo 1979 mpaka 1982, Celica za Toyota zikaja 1984, 1985 na 1986, na hizo zote ni difu ya nyuma, fo wili imekuja kushinda 1987 Audi ya Hannu Mikkola, sasa matope yale ya Kenya yalipitwa na difu ya nyuma miaka yote hiyo nyinyi na kilima chenu cha Mtambwe mna nini? Na tarehe zake hazina kasoro, hapo humkamati. Ila gari ya rali inalivuka tope kwa sababu inaingia ikiwa na mwendo, imeshajaa nguvu kabla haijafika, na mwendo ndo kitu ambacho njia ya shamba haikupi. Chini ya mlima wetu kuna kona kali, baada ya kona kuna mtaro, baada ya mtaro kuna watoto wanaotoka chuoni na mbuzi wa watu. Unaanza kupanda kutoka sifuri. Ndo maana mimi na mjomba hatubishani sana siku hizi, nshamwambia mjomba wewe unazungumzia gari inayokimbia na mimi nazungumzia gari inayotambaa.

Na hapa ndo nafika kwenye kile ninachotaka kusema, kwa sababu naona watu wengi wakizungumza fo wili wanahesabu magurudumu tu. Manne yanavuta, basi, imekwisha. Mimi baada ya kuitumia hii gari naona nusu ya faida, na labda zaidi ya nusu, imo kwenye ile lo, ile gia ya chini ndani ya transfa, lile boksi la meno linalogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Gia ya kwanza ya giaboksi yangu ya Toyota ni kama 3.8, ukizidisha na difu ya Starlet ya kiwandani unapata injini inazunguka kama mara 15 mpaka gurudumu lizunguke mara moja. Sasa tia transfa ya Suzuki SJ410, jipu ndogo ya zamani, ambayo lo yake ni 2.51, na difu zake za 4.11, inakuwa kama mara 39. Hesabu yake ni kwamba injini ikiwa inanguruma taratibu, mizunguko 800 kwa dakika, gari haifiki kilomita 3 kwa saa. Mtu anatembea kando anakupita. Maana yake hugusi klachi. Zamani mlima ule ulikuwa unapandwa kwa kuila klachi, nusu umeikanyaga nusu umeiachia, inanuka mpaka bibi anaziba pua kwa mtandio, na kila ukiitikisa klachi tairi inashtuka, ikishtuka inakata ule mshiko mdogo uliokuwepo. Kwenye lo tairi haishtuki. Inazunguka taratibu, inatafuta mahali pa kushika, inapata. Unashuka nayo vile vile, gia ya kwanza, mguu mbali na breki, injini yenyewe inaizuia.

Fikra ya kuchukua gari ndogo ya watu ukaivalisha miguu ya jipu si ya kwetu, wenyewe walianza zamani. Urusi 1955 walichukua Pobeda, gari ya ofisini kabisa ya difu nyuma, wakaitilia vyombo vya jipu lao la GAZ-69 ikaitwa M-72, halafu 1957 wakafanya mambo hayo hayo kwa Moskvich ndogo. Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 80 kiwanda cha Dangel kikawa kinachukua Peugeot 504, hizo hizo zilizokuwa zimejaa Afrika Mashariki, inazipa difu ya mbele. Kinachonivutia kwa wale Warusi ni kuwa magari yale hayakuwa na chesesi, ile fremu ya chuma ya chini, bodi yenyewe ndo chesesi, kama Starlet, na wao hawakuitupa bodi, waliitia mbavu chini ikabeba. Halafu 1977 ikaja Niva ambayo imezaliwa hivyo, bodi ya gari ndogo bila chesesi na magurudumu manne yanavuta wakati wote. Kwa hiyo fundi aliponambia "bodi hii haitoweza kubeba", nilikuwa na cha kumjibu.

Fundi mwenyewe ni mtu mzima, namwita ami, hana haraka na hapendi kuulizwa kazi inaisha lini. Nilimkuta kakaa kwenye ringi ya lori anakunywa chai ya maziwa, nikamuelezea, akaizunguka gari, akainama akatazama chini ya injini muda mrefu, akasema, "Mwanangu, nyuma si kazi. Kazi yako iko hapa." Akagonga sampu, lile beseni la oili chini ya injini, kwa kidole.

Na kweli kazi yote ilikuwa pale. Nyuma unatoa difu ya Toyota unaweka ya Suzuki, mahali papo. Mbele hapakuwa na kitu, na mahali ambapo ekseli inatakiwa ikae pameshakaliwa na injini. Suzuki wenyewe wameisogeza difu upande wa kulia isiwe katikati, na hilo linasaidia, lakini ekseli inapopanda na kushuka kwenye mashimo ile difu lazima iwe na nafasi ya kupanda bila ya kuipiga sampu. Una njia mbili, uinue injini au uikate sampu, na ami alifanya zote mbili kidogo kidogo. Injini imeinuliwa kwenye fondeshen zake, boneti ikapona kwa vidole viwili, sampu ikakatwa upande wa kulia ikatanuliwa kushoto ili oili isipungue, na ile chujio inayonyonya oili ndani nayo ikahamishwa iende pale palipo na kina. Hii ya chujio naisema kwa kituo maana nshaona injini ya mtu mwengine ilikatwa sampu chujio ikaachwa pale pale, kwenye mlima oili ikarudi nyuma chujio ikawa inanyonya hewa, na injini ya K, ukoo wa injini hii ya Starlet, ni ngumu lakini hakuna injini inayolainishwa na hewa.

Suzuki ilitoka Unguja, niliipata Mwanakwerekwe, SJ410 ya injini ya cc 970, bodi imekwisha, chesesi ukiigonga nyundo inaingia ndani. Chumvi. Hewa ya huku haina huruma na chuma, khasa gari iliyokaa pwani. Mpango wa mwanzo ulikuwa tuirefushe ile chesesi, maana Suzuki kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma ni milimita 2030 na Starlet ni 2300, tuikate kati tuongeze kipande tuivalishe bodi. Baada ya kuiona hali yake mpango huo ukafa. Ikachukuliwa ekseli zote mbili, springi za bapa, transfa, sanduku la stelingi, na vile vishikizo vya springi ambavyo vilikuwa bado vizima, na chini ya Starlet kikapitishwa chuma cha boksi mbavu mbili ndefu kutoka mbele mpaka nyuma, zimeungwa na bodi kila penye bati nene, na vipande vya kukata katikati. Kwa upande wa kadi hii imekuwa kheri, kwa sababu bodi ni ile ile na namba ya gari imegongwa kwenye bati la ukuta wa injini, haijaguswa. Ukivalisha bodi juu ya chesesi ya gari nyengine utakuja kuulizwa hii ni gari ipi, na suala hilo ni la haki. Nilikwenda nayo kukaguliwa kabla ya kuitembeza lami na mwenye kukagua alilala chini kuliko nilivyotegemea, akatazama kila mshono.

Mishono yenyewe ilichomwa asubuhi. Tangu 2010 Pemba tunapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, kabla ya hapo ilikuwa majenereta na kazi kama hii ungeifikiria mara mbili, lakini ikiingia magharibi watu wote wakiwasha taa na pasi na mafriji nguvu inashuka kidogo, na ami mshono wa kubeba ekseli hauchomi nguvu ikiwa imeshuka. Anasema moto ukiwa mdogo chuma kinakaa juu juu hakiingii. Kwa hiyo asubuhi kuchoma, mchana kukata na kupima, jioni soga.

Kitu ambacho kimeifanya kazi hii iwezekane Wete, bila ya mashine kubwa, ni umbo la transfa ya Suzuki. Kwenye jipu nyingi transfa imefungwa nyuma ya giaboksi, ukiitaka moja lazima uchukue na nyengine. Ya SJ410 imekaa peke yake katikati ya gari juu ya mipira yake, inapokea nguvu kwa propela fupi, yani bomba la chuma linalozunguka. Haijui na haijali mbele yake kuna giaboksi ya nani. Injini yangu ya 4K imebaki, giaboksi ya Toyota imebaki, kilichotakiwa ni kipande cha propela chenye kichwa cha Toyota upande huu na sahani ya Suzuki upande ule. Fundi wa lathi alikikata akakiunga, na hapo nikaona kwa macho yangu kwa nini propela si bomba tu. Kila krosi, kile kiungo cha mwisho wa propela, ikiwa imekunjwa inazungusha upande wa pili kwa kusitasita, mara haraka mara polepole ndani ya mzunguko mmoja, na krosi ya mwisho wa pili ndo inayofuta kule kusitasita kwa ya kwanza, lakini inafuta kwa sharti zimekaa sambamba na pembe zao zinalingana. Zikipishana zinazidishana, gari inatetemeka mpaka vioo. Ami alilala chini ya gari na uzi wenye nati mwisho wake, akaniambia nishike simu yenye ile programu ya kupimia usawa niibandike kwenye sahani ya transfa, nisome, halafu kwenye mkia wa giaboksi, nisome, akaongeza washa moja, kile kisahani cha bati chenye tundu, chini ya mpira wa nyuma wa transfa, nisome tena. Washa moja. Akatikisa kichwa akaitoa akaweka nyembamba zaidi. Mimi mgongo unaniuma na yeye mwenye umri wake kalala kwenye boksi la karatasi anapiga mluzi.

Stelingi ya Starlet ya asili ni ya reki, ile fimbo yenye meno inayosukumwa kulia na kushoto, na reki inataka magurudumu yanayopanda na kushuka kila moja na lake, ukiiunga na ekseli nzima ya kipande kimoja kila shimo litakuzungushia usukani mkononi. Likaingia sanduku la Suzuki na fimbo zake. Breki na mengineyo yalikwenda bila ya kisa.

Sasa habari ya gia za lami, ambayo watu hawaambiwi. Transfa ya SJ410 ukiwa kwenye hai, ile gia yake ya juu ya kutembelea lami, haiko moja kwa moja, nayo inapunguza, 1.58. Zidisha na difu ya 4.11 unapata karibu 6.5, na Starlet ilikuwa chini ya 4. Kwa hiyo ungebakisha tairi zako ndogo za inchi 13, ukitembea 60 gia ya nne injini ishafika 3,500 na kidogo, inalia utafikiri unakimbizwa. Kwa ringi za Suzuki za inchi 15 na tairi zake zilizosimama inashuka kama 3,000, na gia ya tano ikiwepo unapata ahueni nyengine. Huna haja ya kufikiri sana, ringi za Starlet zina matundu manne na ekseli za Suzuki zinataka matano, kwa hiyo tairi za inchi 15 zinakuja zenyewe utake usitake, na matao ya bodi lazima yakatwe. Ukibahatika kupata SJ413 badala ya SJ410, difu zake ni 3.73 na hai yake 1.41, lami utasafiri vizuri zaidi na mlimani utapoteza kidogo tu kwenye lo. Ningekuwa nakaa Chake na shamba nakwenda mara moja moja ningeitafuta hiyo. Ila usije ukachukua difu ya mbele kwenye gari hii na ya nyuma kwenye ile, kwa sababu zote zinaingia zinafungika vizuri tu, halafu siku ya kwanza unatia fo wili mbele inataka mwendo wake na nyuma mwendo wake, na kitakachoamua nani mkweli ni meno ya transfa.

Hata difu zikiwa sawa, lami kavu na fo wili havipatani kwenye gari ya namna hii. Ukikata kona magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma, na transfa hii imeyafunga pamoja haina difu ya katikati ya kuwaachia kila mmoja na mwendo wake. Kwenye tope tairi inateleza kidogo deni linalipwa hapo hapo. Kwenye lami haitelezi, deni linakaa ndani ya propela, stelingi inakuwa nzito, na ukitaka kuirudisha tuu wili ile fimbo haitoki mpaka urudi rivasi kidogo. Kwa hiyo utaratibu wangu ni kuwa natoka Wete tuu wili, nikifika pale lami inapokwisha nashuka nazungusha zile hab za mbele, vifungo vya katikati ya gurudumu vinavyoliunga na ekseli, kwa mkono, kulia na kushoto, napanda natia lo. Watoto wa pale wameshajua, wanakimbilia kuzungusha wao, na mmoja anaizungusha kinyume kila siku makusudi ili nishuke tena.

Sahani ya spidi ni kichekesho. Kebo yake inatoka kwenye giaboksi, kabla ya transfa, haijui kuwa mbele yake kuna kitu kinapunguza mwendo, kwa hiyo ukitembea 50 yenyewe inaonesha karibu na 70. Abiria wageni wanashika kishikio cha mlango wanaanza kuvuta uradi, na nje baiskeli inatufata nyuma bila ya tabu. Kubadilisha kijigia cha kebo kunawezekana, sijaona umuhimu. Kwenye lo ndo inasema uongo zaidi.

Ubaya upo na nitausema. Gari imeinuka na ekseli za Suzuki ni nyembamba kuliko za Starlet, kwa hiyo kimo kimeongezeka na upana umepungua, kona ulizokuwa unazikata bila ya kufikiri sasa unazifikiria. Mafuta inakunywa zaidi. Springi za bapa zikiwa hazina mzigo zinakurusha. Bibi hawezi kupanda bila ya kuwekewa kitu, anapandia mbuzi wa kukunia nazi, chuma chake kimekunjwa, na akishakaa anaagiza mbuzi wake apakiwe ndani asisahauliwe njiani maana atahitajika wakati wa kushuka na wakati wa kupika. Na chuma cha boksi kikiachwa wazi ndani kinaoza kutoka ndani bila ya wewe kuona, kwa hiyo tumetoboa matundu madogo chini ya kila mbavu maji yatoke, na kabla ya kuziba ncha tukamimina oili chafu ikazunguka humo ndani. Bado inadondoka nyumbani sakafuni na lawama napata kila asubuhi.

Mlima inaupanda. Ilipanda na mvua ya vuli, na pale kwenye mizizi ya mkarafuu tairi ya nyuma ilizunguka bure kama kawaida yake, halafu ile ya mbele kushoto ikashika ukingo wa mtaro ikainua pua, na mwili mzima ukafata taratibu, injini haikubadilisha hata sauti. Nilikuwa na mzee mmoja mchumaji kakaa ubavuni, kazi yake yote msimu huo alikuwa anashuka kwa miguu na pishi zake, akanambia, "Hebu simamisha hapa hapa kati." Nikasimama katikati ya mlima. "Haya, ondoka." Nikaondoka, gari ikatoka bila ya kurudi nyuma hata shubiri. Akacheka peke yake mpaka juu. Kwake yeye jaribio lilikuwa lile, kusimama na kuondoka, na hapo magurudumu manne peke yake yasingetosha, ungekuwa unaila klachi tena.

Ami sasa ameletewa Corolla DX, wagon, na mwenyewe anataka kama hii. Kwenye DX wagon nyuma tayari kuna springi za bapa kwa hiyo kule ana kazi nyepesi zaidi, injini ni ya ukoo huo huo wa K, na bodi ni ndefu propela zitapata nafasi nzuri. Uzito ndo umezidi, na mimi nimemshauri mwenye gari atafute transfa kabla ya kitu chochote, aitie oili, aizungushe kwa mkono kwenye hai na kwenye lo akiwa ameweka sikio, kama inakwaruza aiache kwa mwenyewe. Ameshapata ekseli mbili Unguja, za SJ413 zote mbili, namba zimelingana. Zinakuja na meli ya wiki hii.